Kutoka Kipande hadi Kadi: Maramba na Mizizi ya Ushindi wa Chama Tawala

Novemba 1962, Julius Nyerere alishindana na Zuberi Mtemvu wa chama cha African National Congress kuwania urais wa Jamhuri ya Tanganyika, akapata zaidi ya asilimia 98 ya kura. Oktoba 2025, baada ya miaka 63, mgombea wa Chama Cha Mapinduzi alitangazwa mshindi kwa asilimia 97.66. Kati ya tarakimu hizo mbili kuna vizazi vitatu, Muungano, Azimio la Arusha, vijiji vya ujamaa, vita vya Kagera, mageuzi ya uchumi, kurejea kwa vyama vingi na chaguzi kuu sita zilizotangulia ule wa 2025. Mgeni asiyeijua historia yetu angeziangalia tarakimu hizo akadhani hapakutokea lolote katikati.

Wanafunzi hunitaka nichague moja kati ya maelezo mawili. La kwanza ni kwamba chama kilichotuletea uhuru kinapendwa, na mapenzi hayo yamerithishwa. La pili ni kwamba kura huibwa. Kila moja lina ushahidi wake, wala sikusudii kumnyima mtu ushahidi wake. Lakini yote mawili yanaanza na siku ya kupiga kura, na siku hiyo ni moja tu kati ya siku 1,826 za muhula wa miaka mitano. Mimi hupendelea kuuliza chama kinafanya nini katika zile siku 1,825 nyingine, na kinazifanyia wapi. Kwa swali hilo nawapeleka wasomaji Maramba.

Maramba ni makao ya tarafa katika Wilaya ya Mkinga, mkoani Tanga. Zamani ilikuwa sehemu ya Muheza. Iko chini ya milima ya Usambara Mashariki, si mbali na mpaka wa Kenya. Watumishi wa umma wengi wa rika fulani wanaijua kwa sababu moja: walipita katika kambi yake ya Jeshi la Kujenga Taifa, wakaimba, wakalima, wakakimbia mchakamchaka. Nchi inayoizunguka ni nchi ya mkonge. Na mkonge, kwa maoni yangu, ndio utangulizi wa historia ya siasa ya Tanga, ingawa vitabu vingi vya shule huanza na hotuba.

Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, miche ikitoka Florida, na iliyonusurika safari ikapandwa Kikokwe karibu na Pangani. Miaka sabini baadaye, mwaka 1964, Tanganyika ilizalisha tani zipatazo 230,000 za singa, na hakuna nchi duniani iliyoizidi. Ili kupata singa hizo mashamba yalihitaji watu zaidi ya 100,000, na wenyeji wa Tanga, yaani Wadigo, Wasegeju, Wabondei na Wasambaa, hawakuwa tayari kuukata mkonge wa mtu mwingine maadamu walikuwa na mashamba yao. Hivyo watu waliletwa kutoka mbali. Kuanzia mwaka 1944 chama cha wenye mashamba kilikuwa na ofisi yake ya kuajiri, SILABU, iliyowasomba Waha, Wabena, Wangoni, Wamakonde na wengine, hata kutoka ng'ambo ya mipaka. Waliandikwa namba, wakaitwa manamba.

Manamba alikuwa na karatasi moja iliyomtambulisha: kipande. Kipande kilikuwa na nafasi 30 za siku za kazi. Siku uliyomaliza kazi uliyopangiwa iliandikwa. Siku uliyougua au uliyoshindwa kutimiza idadi ya mafungu haikuandikwa. Kipande kikijaa ndipo ulipwe. Katika kambi za mkonge mtu hakuwa na jumbe wake, hakuwa na mzee wa ukoo wa kumsemea, hakuwa na shamba wala kaburi la babu. Kwa mwenyeji alikuwa mtu wa kuja. Kwa mwenye shamba alikuwa namba. Kwa serikali ya kikoloni alikuwa kodi ya kichwa. Kilichomwunganisha na mwenzake aliyelala kitanda cha pili ni Kiswahili, na hakikuwa Kiswahili cha mashairi ya Tanga, kilikuwa cha amri, deni na safari.

TANU ilipozaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, iliikuta Tanga ikiwa na makundi mawili yenye manung'uniko tofauti. Kundi la kwanza ni hilo la kambini. La pili lilikuwa milimani Usambara, ambako serikali ilikuwa imewalazimisha wakulima tangu miaka ya 1940 kuchimba matuta kwa jina la kuhifadhi udongo. Mpango ulianzia bonde la Mlalo. Ulihitaji kazi nyingi, hasa ya wanawake. Ulisimamiwa na watawala wa jadi waliokuwa wamekwisha kuwa watumishi wa Mwingereza. Na kila asiyechimba alipelekwa barazani kutozwa faini. Watu waliuchukia, na chuki hiyo haikuishia kwenye jembe, ilimfuata yule aliyeshika orodha ya majina. TANU haikulazimika kuwafundisha Wasambaa maana ya ukoloni. Ilitosha kuwaambia kwamba kuna chama ambacho mtu anaweza kukilalamikia bila kupitia kwa yule anayemlalamikia.

Mjini Tanga palikuwa na kundi la tatu, dogo kwa idadi na kubwa kwa maarifa: makarani, mafundi, watu wa bandari na reli, na wazee wa mitaa waliojua kuendesha vyama vya starehe, vya ngoma na vya maziko. Mohamed Said, aliyeandika sana juu ya wapigania uhuru waliosahauliwa, amewarejesha kwetu wazee kama Abdallah Rashid Sembe na Hamisi Heri, na kuonyesha jinsi Nyerere alivyokuja Tanga kushauriana nao kabla ya mkutano wa Tabora wa Januari 1958. Huko Tabora ndiko chama kilikoamua kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpigakura alitakiwa kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Mtemvu aliupinga uamuzi huo, akajitenga na kuunda chama chake.

Nasimama hapa kidogo, kwa sababu jambo lenyewe hupitwa haraka. Kupiga kura mwaka 1958 kulihitaji kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au kiwango fulani cha elimu, au wadhifa. Mkata mkonge hakuwa na kimojawapo. Waliojiandikisha nchi nzima hawakuzidi 60,000 kwa makadirio ya kawaida. TANU ilishinda uchaguzi ule kwa nguvu ya umma ambao haukupiga kura. Walichofanya watu wa kambini na milimani ni kununua kadi, kutoa senti, kuhudhuria mikutano na kumfanya kila mgombea asiye wa TANU aonekane hana watu. Kwa hiyo kadi ilitangulia kura. Kwa mtu wa Maramba au Magoma au Mazinde, kadi ya TANU ilikuwa karatasi ya pili ya maisha yake baada ya kipande, na ya kwanza aliyoitafuta mwenyewe. Ilimwita mwanachama, na kwa mara ya kwanza jina lake likaandikwa mahali ambapo halikuandikwa kwa ajili ya kulipishwa.

Mwaka 1960 ulipofika uchaguzi wa serikali ya madaraka, viti vilikuwa 71, na wagombea 58 wa TANU walipita bila kupingwa. Chama kilipata viti 70. Kiti kimoja kilichobaki, cha Mbulu, kilichukuliwa na Herman Sarwatt, ambaye naye alikuwa mwanachama wa TANU aliyeamua kusimama peke yake dhidi ya mgombea rasmi wa chama chake. Naomba msomaji amkumbuke Sarwatt, nitamrudia.

Uhuru ulipopatikana, ahadi kwa kambi za mkonge ikaanza kugongana na mahitaji ya dola. Rashidi Kawawa, aliyekuwa katibu mkuu wa shirikisho la wafanyakazi, TFL, alikuwa Waziri Mkuu tangu Januari 1962. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria iliyoufanya mgomo uwe mgumu mno kisheria, pamoja na Sheria ya Kuwekwa Kizuizini. Januari 1963 Victor Mkello, kiongozi wa wafanyakazi wa mashamba aliyetokana na mkonge wa Tanga, alihamishiwa Sumbawanga kwa amri ya serikali kwa sababu ya migomo mashambani. Ukiangalia ramani, kutoka Tanga hadi Sumbawanga ni kuvuka nchi nzima kutoka bahari moja hadi karibu na ziwa la upande wa pili. Mwaka uliofuata, baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari, vyama vya wafanyakazi vilivunjwa na kuundwa NUTA, chama kimoja kilichofungamanishwa na TANU na ambacho katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais.

Wapo wanaolisoma tukio la Mkello kama doa dogo katika safari njema. Mimi naliona kama siku ambayo mkata mkonge alipoteza mlango wa pili. Kabla ya hapo alikuwa na kadi mbili, ya chama cha siasa na ya chama cha wafanyakazi, na zilikuwa zikisema mambo tofauti inapobidi. Baada ya hapo alibaki na moja.

Mlango wa tatu ulikuwa umefungwa mwaka uleule wa 1963, pale utawala wa machifu ulipofutwa kisheria. Sina machozi kwa ajili ya maakida na majumbe; waliowaona wakisimamia matuta hawakuwalilia. Lakini kiti kilichoachwa wazi kilikaliwa na nani? Wakuu wa mikoa na wakuu wa wilaya walikuwa makatibu wa TANU katika maeneo yao. Chini yao, kuanzia mwaka 1964, chama kilianza kupanga nyumba kumi kumi, kila kumi na balozi wake. Balozi alimjua mgeni aliyeingia jana usiku, alisuluhisha ugomvi wa mke na mume, alisaini barua ya kwenda hospitali au ya kumwandikisha mtoto shule, na alitangaza mkutano wa chama. Mpangilio huu haukutofautisha kazi ya serikali na kazi ya chama, na wala haukukusudia kutofautisha. Katiba ya muda ya 1965 iliifanya nchi kuwa ya chama kimoja kisheria. Kwa mtu wa Maramba, nyumba kumi zilikuwa zimeshamaliza kazi hiyo.

Kuna jambo la haki ambalo lazima lisemwe juu ya mwaka 1965, hasa kwa vijana wanaodhani kwamba enzi ya chama kimoja ilikuwa usiku mtupu. Uchaguzi wa wabunge wa Septemba mwaka ule ulikuwa na ushindani wa kweli ndani ya chama. Karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine nyumba, nao walizunguka pamoja mikutanoni kwa gharama za chama. Wananchi waliwaangusha wakubwa. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alipoteza kiti chake. Rais alipigiwa kura ya ndiyo au hapana, na huko hapakuwa na ushindani. Lakini mbunge aliyezembea alijua kwamba wapigakura wanaweza kumbadilisha bila kubadilisha chama. Nyerere alielewa kwamba chama kisichokuwa na mpinzani nje kitaoza kisipokuwa na ushindani ndani. Nitasema waziwazi kwamba jembe na nyumba vilikuwa na uhai zaidi kuliko chaguzi kadhaa za vyama vingi tulizofanya baadaye.

Mashamba ya mkonge yalitaifishwa kwa sehemu kubwa baada ya Azimio la Arusha la 1967. Wakati huohuo kamba za plastiki zilikuwa zinaua soko duniani. Mwenye shamba akawa shirika la umma, na meneja wa shirika akawa mwanachama wa chama kilekile ambacho mfanyakazi wake alikuwa mwanachama wake. Mgogoro wa mshahara ukageuka kuwa suala la nidhamu ya chama. Uzalishaji ukashuka mwaka hadi mwaka, hadi ukafikia tani 20,000 hivi mwishoni mwa miaka ya 1990. Korona zikanyamaza moja baada ya nyingine. Manamba waliozeeka hawakurudi kwao. Wengi walibaki, wakalima mihogo na mahindi kandokando ya mashamba yaliyogeuka vichaka.

Kisha vijiji. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975 ilisema jambo ambalo kila mtumishi wa serikali za mitaa anapaswa kulijua: mwenyekiti wa tawi la TANU na katibu wake ndio waliokuwa mwenyekiti na katibu wa kijiji. Hapakuwa na kofia mbili zilizovaliwa na mtu mmoja, kama tunavyopenda kusema. Kofia ilikuwa moja. Halmashauri ya kijiji ndiyo iliyogawa ardhi. Kwa mtu ambaye babu yake alizikwa Kigoma au Newala, na ambaye sasa analima ekari mbili pembeni mwa shamba la mkonge lenye hati ya mtu mwingine, hapakuwa na jambo kubwa kuliko ardhi hiyo. Aliyeweza kumsemea mbele ya wilaya ni mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa chama. Wenye asili ya hapa walikuwa angalau na ukoo na mila za kuegemea. Mtu wa kuja alikuwa na chama tu.

Hapo ndipo ninapoona mzizi. Utii wa kisiasa wa maeneo ya mkonge haukutokana na kudanganywa, wala haukuwa ushabiki wa kitoto. Ulikuwa hesabu iliyotulia ya watu wasio na dhamana nyingine.

CCM ilipozaliwa tarehe 5 Februari 1977 kwa kuunganishwa TANU na Afro-Shirazi, ilirithi yote hayo. Miaka kumi na tano baadaye nchi ikarudi katika vyama vingi. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilizunguka na kukuta kwamba kama asilimia 77 ya waliotoa maoni walitaka mfumo wa chama kimoja uendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, na ikapendekeza pia sheria 40 kandamizi zifutwe au zirekebishwe. Pendekezo la kwanza lilitekelezwa kuanzia Julai 1992. La pili lilitekelezwa kwa kiasi kidogo mno.

Wataalamu wa siasa hupenda kuuita mwaka 1992 mpito. Nashauri tuuangalie mpito huo kutoka chini. Jeshi lilitenganishwa na chama: kabla ya hapo majeshi yalikuwa na mkoa wao ndani ya chama, na baada yake askari akakatazwa kuwa mwanachama. Hilo lilikuwa badiliko la kweli, na limetusaidia. Lakini mali iliyojengwa kwa michango na nguvu za wananchi wote wakati chama kilikuwa kimoja ilibaki kwa CCM. Anayekwenda kutazama mpira Mkwakwani mjini Tanga anaingia katika uwanja wa chama. Ofisi za matawi vijijini, zilizojengwa kwa matofali yaliyobebwa na kila mwanakijiji, zikawa ofisi za chama kimoja kati ya vingi. Mabalozi wa nyumba kumi walitolewa katika muundo wa serikali na kubaki mashina ya CCM, lakini barua zao ziliendelea kuombwa na ofisi za umma kwa miaka mingi kama kwamba hakuna aliyesikia habari. Mkuu wa wilaya, mteule wa Rais, aliendelea kuketi katika kamati ya siasa ya chama cha wilaya. Na wakurugenzi wa halmashauri, wateule wa Rais pia, wakawa wasimamizi wa uchaguzi. Mahakama Kuu iliukataa utaratibu huo Mei 2019. Mahakama ya Rufani iliurejesha Oktoba mwaka huohuo.

Chama kipya kilichofika Maramba mwaka 1992 au 1995 kilikuja na bendera, kipaza sauti na hoja. Mara nyingi hoja zilikuwa nzuri. Lakini kilikuwa kinamwomba mwanakijiji aweke rehani ekari zake mbili kwa ajili ya chama ambacho, uchaguzi ukiisha, hakitakuwa na mtu wa kumsemea wilayani. Tangu Mkinga ilipokuwa jimbo, imewakilishwa na wabunge wa CCM.

Jirani yake, Tanga Mjini, ni kisa kingine. Mwaka 2015 Mussa Mbarouk wa CUF alichukua ubunge, na CUF ikapata madiwani wengi kuliko CCM katika halmashauri ya jiji. Uchaguzi wa meya uliofuata uliishia katika mgogoro, na umeya haukwenda kwa waliokuwa na wengi. Mazingira ya siasa yalikuwa yaleyale, vyombo vya habari vilevile, wagombea urais walewale. Lakini mkazi wa Ngamiani au Makorora anapanga chumba, anauza samaki au anaendesha bodaboda, na hamhitaji mwenyekiti ili apate pa kulima. Mjini mtu anaweza kuchukia chama bila kuhatarisha chakula chake cha mwakani. Pamoja na sababu nyingine za historia na udugu wa mwambao, nadhani hii ndiyo iliyo nzito kuliko zote, na inaeleza pia kwa nini upinzani wa Tanzania bara ulikua kwanza mijini, migodini na kwenye kahawa, ambako mtu ana fedha au ardhi isiyopitia mikononi mwa mwenyekiti.

Mpaka wa Kenya uko karibu, na watu wa Mkinga wana ndugu Lunga Lunga na Kwale. Desemba 2002 ndugu hao waliiona KANU, iliyotawala tangu 1963, ikiangushwa kwa kura na kukabidhi madaraka. Kwa nini huko na si huku? Jibu la haraka ni ukabila, au kwamba Wakenya wana hasira na sisi tuna subira. Halinitoshi. KANU haikuwahi kuwa na nyumba kumi. Ilitawala kwa kutumia machifu na wakuu wa wilaya, yaani utawala uliorithiwa kutoka kwa mkoloni ndio uliokibeba chama. Kwetu chama ndicho kilichoubeba utawala. Chifu wa Kenya aliweza kuhamisha utii wake kwa serikali mpya asubuhi yake na akabaki chifu. Mwenyekiti wa kijiji chetu angehamia kwa nani?

Turudi kwenye tarakimu, maana zina jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Mwaka 1995 Benjamin Mkapa alipata asilimia 61.8. Mwaka 2000 akapata 71.7, na Jakaya Kikwete mwaka 2005 akapata 80.3. Kisha mstari ukashuka: Kikwete mwaka 2010 hadi asilimia 62 hivi, huku waliojitokeza wakiwa chini ya nusu ya walioandikishwa, na John Magufuli mwaka 2015 hadi 58.5, mbele ya Edward Lowassa aliyepata karibu 40. Huo ndio ushindi mwembamba kuliko wote katika historia ya chama. Mzizi niliouelezea ulikuwa umeanza kulegea, na ulilegea kwa sababu za kawaida: vijana waliosoma shule za kata, simu mkononi, biashara ndogo, ardhi inayouzwa na kununuliwa kwa fedha.

Kilichofuata baada ya 2015 hakiwezi kuelezwa kwa mzizi ule. Mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa kwa miaka zaidi ya sita. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 ulisusiwa baada ya wagombea wengi wa upinzani kuenguliwa, na ule wa Novemba 2024 uliwapa wagombea wa CCM takriban asilimia 99 ya uenyekiti wa vijiji. Mwaka 2020 asilimia ya urais ikapanda hadi 84, na kati ya majimbo 264 upinzani wote ukabaki na manane. Mwaka 2025 CHADEMA haikuwamo kwenye karatasi ya kura, mwenyekiti wake Tundu Lissu akiwa gerezani kwa shitaka la uhaini. Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo alienguliwa. Siku ya kura watu waliingia barabarani katika miji kadhaa, intaneti ikazimwa, watu wakauawa, na idadi yao ikawa jambo la mabishano kati ya serikali na wanaoipinga, hata ikaundwa tume ya kuchunguza. Sitaki kulifunika hilo kwa lugha ya kitaaluma. Lakini kama mwanahistoria nasema kwamba asilimia 97.66 ya 2025 na asilimia 98 ya 1962 si kitu kimoja. Ile ya kwanza ilipatikana kwa chama kilichokuwa kimemwandika jina mtu asiye na jina. Hii ya pili imepatikana kwa kuwaondoa wengine kwenye karatasi.

Ndani ya chama chenyewe mlango nao umepungua. Januari 2025 mkutano mkuu maalumu wa CCM Dodoma ulipitisha jina moja la mgombea urais bila jembe wala nyumba. Wanachama niwajuao, watu waaminifu wa chama, hulizungumza hilo kwa sauti ya chini kuliko wapinzani wanavyolizungumza kwa sauti ya juu.

Sasa nimrudie Sarwatt. Mwaka 1960, chini ya sheria za Mwingereza, mwanachama wa TANU aliyeona chama chake kimekosea kumteua mgombea aliweza kusimama peke yake, kushinda na kuingia katika Baraza. Tangu 1965 mlango huo umefungwa, na mwaka 1992 tulipofungua milango mingine huo tuliuacha na komeo lake: hakuna anayeweza kugombea, hata uenyekiti wa kitongoji, bila kudhaminiwa na chama. Fikiria maana yake Maramba. Mwanakijiji anayetaka kumwondoa mwenyekiti aliyegawa vibaya shamba pori la mkonge hawezi kusema tu kwamba mwenyekiti amegawa vibaya. Lazima kwanza awe CHADEMA au CUF au ACT, achukue rangi, aingie vita vya kitaifa asivyovihitaji, na ahatarishe kila alichonacho. Hoja ya ekari mbili hugeuzwa kuwa hoja ya nani aongoze Tanzania, na katika hoja hiyo chama tawala kina miaka sabini ya maandalizi.

Mchungaji Christopher Mtikila aliliona hilo mapema. Mwaka 1994 alimshawishi Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu kwamba katazo la mgombea binafsi linavunja Katiba. Bunge likabadilisha Katiba kabla ya hukumu kuzaa matunda. Mtikila akarudi mahakamani na kushinda tena mwaka 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala hilo ni la Bunge. Akaenda kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo ina makao yake Arusha, na Juni 2013 ikaamua kwamba Tanzania inavunja haki za raia wake, ikaitaka irekebishe sheria. Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba ilikuwa imemruhusu mgombea binafsi. Mchakato ule wa Katiba ulikwama kabla ya kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015. Mtikila alifariki katika ajali ya gari Oktoba mwaka huohuo. Katika uchaguzi wa 2025, miaka 12 baada ya hukumu ya Arusha, hakuna kijiji, kata wala jimbo nchini ambalo karatasi yake ya kura ilikuwa na jina la mtu asiye na chama.